Fomula za kutafuta katika lahajedwali: Jinsi ya kuzitumia bila kumpa mtu haki ya mwenzake

KILA mwisho wa muhula, karani wa shule ya upili katika kaunti ya Kakamega hujikuta na orodha mbili mezani. Ya kwanza ina nambari za usajili za wanafunzi na alama walizopata katika mtihani. Ya pili, iliyotoka kwa mhasibu, ina nambari zizo hizo pamoja na salio la karo, lakini imepangwa kwa utaratibu mwingine kabisa. Kazi yake ni kuziunganisha, ili ripoti ya kila mwanafunzi ibebe alama zake na deni lake, wala si la jirani yake wa dawati.

Kwa darasa la wanafunzi 40, kidole na rula vyatosha. Kwa shule yenye wanafunzi 1,200, kazi hiyo humaliza siku kadhaa na makosa huzidi kadiri macho yanavyochoka. Hali ni hiyo hiyo kwa kamati ya basari inayolinganisha fomu za waombaji na orodha za shule katika mojawapo ya wadi 60 za kaunti hiyo, na kwa chama cha ushirika kinacholinganisha stakabadhi za mizani ya miwa na akaunti za wakulima huko Mumias au Kabras.

Programu za lahajedwali, kama vile Excel, LibreOffice Calc na Google Sheets, zina fomula zilizobuniwa kwa kazi hii hasa. Zikitumiwa vyema, kazi ya siku tatu huisha kwa dakika chache. Zikitumiwa vibaya, humpa Nafula alama za Nekesa, na wala kompyuta haitoi onyo lolote.

Wazo la kale

Wazo lenyewe lilikuwapo kabla ya kompyuta. Waliosoma katika shule za Kenya wanakikumbuka kitabu cha majedwali ya hisabati kilichobebwa hadi chumba cha mtihani. Jicho hushuka katika safu ya kushoto hadi kwenye nambari inayotakiwa, kisha hukimbia kulia hadi kwenye jibu.

VisiCalc, programu iliyoundwa na Wamarekani Dan Bricklin na Bob Frankston na kuanza kuuzwa mwaka wa 1979, ilikuwa tayari na fomula ya kutafuta. Lotus 1-2-3 iliyofuata mwaka wa 1983 ilikuwa na VLOOKUP, na Excel, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka wa 1985, ikalirithi jina hilo. Herufi V husimamia neno la Kiingereza lenye maana ya wima, kwa kuwa fomula hushuka kutoka juu kwenda chini. Ndugu yake, HLOOKUP, hutafuta kwa mlalo, kutoka kushoto kwenda kulia, nayo hutumiwa kwa nadra.

Sehemu nne za VLOOKUP

Tuchukue mfano wa kaunti nne zilizokuwa mkoa wa Magharibi, ambao makao yake makuu yalikuwa mjini Kakamega. Safuwima A ina nambari ya kaunti kama ilivyopangwa katika Katiba ya 2010, safuwima B ina jina, na safuwima C ina idadi ya watu kwa mujibu wa sensa ya 2019. Safumlalo ya 1 imeachiwa vichwa, hivyo data yaanzia safumlalo ya 2:

37 – Kakamega – 1,867,579
38 – Vihiga – 590,013
39 – Bungoma – 1,670,570
40 – Busia – 893,681

Ili kupata idadi ya watu wa kaunti nambari 39, andika katika seli yoyote iliyo wazi:

=VLOOKUP(39,A2:C5,3,FALSE)

Jibu litakuwa 1,670,570, yaani Bungoma. Ndani ya mabano mna sehemu nne, zilizotenganishwa kwa koma.

Ya kwanza ni ufunguo, yaani kile kinachotafutwa. Hapa ni 39, lakini aghalabu huwa ni seli, mathalan A2 ya ukurasa mwingine.

Ya pili ni jedwali la kutafutia. Ufunguo lazima uwe katika safuwima ya kwanza ya jedwali hilo, kwani VLOOKUP hutazama kulia tu na haiwezi kurudi kushoto.

Ya tatu ni nambari ya safuwima yenye jibu, ikihesabiwa kuanzia mwanzo wa jedwali lenyewe. Nambari 3 hapa yaelekeza kwenye safuwima C.

Ya nne ni neno TRUE au FALSE. FALSE huiambia kompyuta ikubali ufunguo unaolingana kabisa. TRUE huiruhusu, ikikosa ufunguo wenyewe, ichukue ule mkubwa zaidi usiouzidi unaotafutwa.

Fomula itakayonakiliwa chini kwa ajili ya wanafunzi wengi inahitaji alama ya dola. Ikiwa salio la karo liko katika ukurasa ulioitwa Karo, andika:

=VLOOKUP(A2,Karo!$A$2:$C$1201,3,FALSE)

Alama ya $ hulifunga jedwali mahali pake. Bila alama hiyo, kila hatua ya kunakili chini hulisogeza jedwali kwa safumlalo moja: mwanafunzi wa pili atatafutwa kuanzia A3, wa tatu kuanzia A4, na walioandikwa mwanzoni mwa orodha wataachwa nje mmoja baada ya mwingine.

Hatari ya sehemu ya nne

Watu wengi huiacha sehemu ya nne kwa sababu programu haiwalazimishi kuijaza. Hapo ndipo madhara makubwa huanzia, kwa kuwa ikiachwa, programu huichukulia kuwa TRUE.

Rudi kwenye jedwali la kaunti nne na uulize kaunti nambari 41, ambayo ni Siaya na haimo katika orodha:

=VLOOKUP(41,A2:C5,3)

Jibu litakuja mara moja: 893,681. Hilo ni jibu la Busia. Kompyuta haikuiona 41, ikachukua 40 iliyo chini yake. Idadi halisi ya watu wa Siaya katika sensa ya 2019 ilikuwa 993,183, tofauti ya watu 99,502. Lau hesabu hiyo ingetumiwa kugawa chanjo au vitabu, karibu watu laki moja wangekosa fungu lao, na karatasi ingeonekana safi.

Fomula iyo hiyo ikiandikwa kwa FALSE hutoa alama ya #N/A, maana yake ufunguo haukupatikana. Karani mchanga huiona alama hii kuwa aibu, ilhali ndiyo iliyo kweli: inasema wazi kwamba kuna mtu asiyekuwamo katika orodha. Tena, TRUE hudai safuwima ya kwanza iwe imepangwa kutoka ndogo hadi kubwa. Orodha isipopangwa hivyo, jibu laweza kuwa lolote, hata kama ufunguo wenyewe umo ndani.

Kanuni basi ni nyepesi. Unapotafuta mtu, bidhaa, akaunti au mahali, andika FALSE bila kukosa.

Pale TRUE inapofaa

Hata hivyo, TRUE ina kazi yake halali, nayo ni kutafuta viwango na ngazi. Mwalimu anayegeuza alama kuwa gredi hahitaji safumlalo 101, moja kwa kila alama kuanzia 0 hadi 100. Anahitaji 12 tu. Shule nyingi za Kenya hutumia kipimo hiki katika mitihani yake ya ndani, na kila nambari hapa ni alama ya chini kabisa ya gredi husika:

0 – E
30 – D-
35 – D
40 – D+
45 – C-
50 – C
55 – C+
60 – B-
65 – B
70 – B+
75 – A-
80 – A

Jedwali hili likiwekwa katika F2 hadi G13, na alama ya mwanafunzi ikiwa katika C2, fomula ni:

=VLOOKUP(C2,$F$2:$G$13,2,TRUE)

Mwanafunzi mwenye 63 atapata B-, kwa kuwa 60 ndiyo nambari kubwa zaidi katika jedwali isiyozidi 63. Ni sharti orodha ianze na 0 na ipande. Wengine huipanga kuanzia A kushuka hadi E, kama ilivyo kwenye fomu za ripoti, kisha wakashangaa kuona gredi zimevurugika.

Pana mtego mwingine unaostahili kuangaliwa. Wastani wa 54.6 ukioneshwa bila desimali husomeka 55, na mzazi anayeijua ngazi ya gredi atatarajia C+. Lakini fomula haisomi kinachoonekana. Husoma thamani iliyomo ndani ya seli, nayo ni 54.6, hivyo itatoa C. Katika nchi ambamo C+ katika mtihani wa KCSE ndicho kiwango cha chini cha kuingilia shahada ya chuo kikuu, tofauti hiyo haitapita bila mjadala hata kama mtihani wenyewe ni wa majaribio. Shule na iamue mapema kama itakadiria desimali. Ikiamua kukadiria, fomula iseme hivyo waziwazi:

=VLOOKUP(ROUND(C2,0),$F$2:$G$13,2,TRUE)

Jina si ufunguo

Kosa la pili kwa ukubwa ni kutumia majina ya watu kama ufunguo. Magharibi mwa Kenya, kosa hili lina chimbuko katika mila. Miongoni mwa Wabukusu na majirani zao, watoto wengi hupewa majina ya majira waliyozaliwa: Wekesa na Nekesa wakati wa mavuno, Wafula na Nafula wakati wa mvua, Wanjala na Nanjala wakati wa njaa. Mvua haimnyeshei mmoja. Katika orodha ya waombaji basari wa wadi moja tu, majina hayo yatajirudia, na hata majina mawili kwa pamoja hayatoshi kuwatenganisha watu.

VLOOKUP ikikuta majina mawili yaliyo sawa huchukua la kwanza kutoka juu na kuacha jingine. Wafula wa pili na wa tatu watapewa salio la Wafula wa kwanza, na hakuna alama yoyote itakayoonesha kasoro.

Kinyume chake pia hutokea. Mtu mmoja huandikwa Shikuku katika orodha moja na Sikuku katika nyingine, au jina la ubatizo likatangulia huku na kufuata kule. Kwa binadamu huyo ni mtu yule yule. Kwa kompyuta ni watu wawili.

Kwa sababu hiyo, ufunguo uwe nambari ambayo haishirikiwi na yeyote: nambari ya usajili shuleni, nambari ya mkulima, nambari ya akaunti. Nambari ya kitambulisho cha taifa cha mzazi nayo inahitaji hadhari, kwani mzazi mwenye watoto watatu katika shule moja ataonekana mara tatu, na fomula itamwona mtoto wa kwanza peke yake.

Kabla ya kutafuta chochote, hakikisha ufunguo haujirudii. Katika safuwima iliyo wazi kando ya orodha ya kutafutia, andika fomula hii na uinakili hadi chini:

=COUNTIF($A$2:$A$1201,A2)

Kila jibu linapaswa kuwa 1. Palipo na 2 au zaidi, pana nambari iliyoandikwa mara mbili, na yafaa irekebishwe kwanza.

Nambari ipo, lakini haionekani

Mara nyingine jicho linaiona nambari 4127 katika orodha zote mbili, na bado fomula inatoa #N/A. Aghalabu sababu ni mojawapo ya hizi tatu.

Kwanza, nambari moja imehifadhiwa kama nambari na nyingine kama maandishi. Hili hutokea sana orodha inapotolewa katika mfumo mwingine wa kompyuta. Dalili ni kwamba, seli zisipopangwa kwa mkono, nambari hukaa upande wa kulia na maandishi upande wa kushoto. Excel pia huweza kuweka pembetatu ndogo ya kijani kwenye kona ya seli. Dawa ni fomula ya VALUE, inayogeuza maandishi kuwa nambari: =VALUE(A2).

Pili, kuna nafasi tupu iliyojificha mwishoni mwa maandishi, iliyoachwa na mwandishi aliyebonyeza kitufe cha nafasi bila kujua. Fomula ya TRIM huondoa nafasi za mwanzoni na za mwishoni: =TRIM(A2).

Tatu, sifuri ya mwanzo imepotea. Ukiandika nambari ya simu inayoanza kwa 07, programu huichukulia kuwa nambari ya kawaida na kuitupa sifuri, na nambari ya usajili 0415 hubaki 415. Ipange safuwima iwe ya maandishi kabla ya kuandika, wala si baada yake, kwa sababu sifuri iliyokwisha kutupwa hairudi yenyewe.

Jedwali linapobadilika

VLOOKUP ina udhaifu mwingine. Nambari ya safuwima, kama 3 katika mifano yetu, haibadiliki jedwali linapobadilika. Mhasibu akiingiza safuwima mpya ya tarehe ya malipo kati ya B na C, fomula itaendelea kusoma safuwima ya tatu, ambayo sasa ni tarehe, na salio la karo litakuwa limehamia ya nne.

Wazoefu hukwepa hatari hiyo kwa kuunganisha fomula mbili, INDEX na MATCH:

=INDEX(Karo!$C$2:$C$1201,MATCH(A2,Karo!$A$2:$A$1201,0))

MATCH hutafuta ufunguo uko katika nafasi ya ngapi. Sifuri ya mwisho ni sawa na kusema FALSE. Kisha INDEX huchukua kilicho katika nafasi hiyo kwenye safuwima ya majibu. Kwa kuwa safuwima zote mbili zimetajwa waziwazi, safuwima ikiongezwa kati yake fomula hujirekebisha. Tena jibu laweza kuwa kushoto kwa ufunguo, jambo ambalo VLOOKUP haliwezi.

Mwaka wa 2019, kampuni ya Microsoft ilitangaza fomula mpya, XLOOKUP, inayorahisisha yote hayo:

=XLOOKUP(A2,Karo!$A$2:$A$1201,Karo!$C$2:$C$1201,"HAYUPO")

Fomula hii hudai ulinganifu kamili bila kuagizwa, na sehemu yake ya nne ni neno litakaloandikwa ufunguo usipopatikana. Inapatikana katika Microsoft 365, Excel 2021 na matoleo yaliyofuata, katika Google Sheets tangu 2022, na katika LibreOffice tangu toleo la 24.8 la mwaka wa 2024. Excel 2016 na 2019 haziijui. Faili iliyotengenezwa kwa XLOOKUP ikipelekwa kwenye kompyuta yenye toleo kongwe, hesabu zikifanywa upya huonesha #NAME?. Ofisi zinazobadilishana faili na shule zenye kompyuta za zamani zitakuwa salama zaidi na INDEX na MATCH.

Mficha ugonjwa

Ripoti iliyojaa #N/A haipendezi, na wengi hukimbilia kuifunika kwa IFERROR:

=IFERROR(VLOOKUP(A2,Karo!$A$2:$C$1201,3,FALSE),0)

Sasa kila asiyepatikana anaandikiwa 0. Lakini 0 katika safuwima ya karo maana yake ni kwamba mwanafunzi hadaiwi, na katika safuwima ya alama maana yake ni kwamba aliufanya mtihani akaambulia patupu. Asiyepatikana hana mojawapo ya sifa hizo. Isitoshe, IFERROR hufunika makosa ya kila aina, hata jina la ukurasa lililoandikwa vibaya. Mficha ugonjwa kifo humuumbua.

Tumia IFNA badala yake, iliyopo tangu Excel 2013. Hiyo hushughulikia #N/A pekee, na neno liwe la kusomeka:

=IFNA(VLOOKUP(A2,Karo!$A$2:$C$1201,3,FALSE),"HAYUPO")

Kisha hesabu ni wangapi hawapo, mathalan kwa =COUNTIF(D2:D1201,"HAYUPO") ikiwa majibu yamo katika safuwima D, na umtafute kila mmoja wao kabla ya kuchapisha ripoti.

Kuhakiki kabla ya kutia sahihi

Fomula ya kutafuta haiwezi kujua kwamba orodha iliyopewa ni pungufu. Uingereza ilijifunza hayo mwaka wa 2020, watu 15,841 waliopatikana na virusi vya corona kati ya Septemba 25 na Oktoba 2 walipokosekana katika takwimu za kila siku. Data ilikuwa imepitishwa katika faili za Excel za muundo wa zamani, ambazo ukurasa wake hauzidi safumlalo 65,536. Za ziada zikaachwa nje. Kufuatilia waliokutana na wagonjwa hao kukachelewa kwa siku kadhaa.

Mkaguzi wa hesabu anayo dawa ya kale, nayo haihitaji kompyuta mpya. Hesabu safumlalo za orodha ya asili na za orodha iliyounganishwa. Jumlisha safuwima ya fedha katika orodha ya asili, ujumlishe tena katika ile mpya, na ulinganishe. Katika jedwali la kaunti nne, jumla ya watu ni 5,021,843. Nakala yoyote isiyofika hapo ina kaunti iliyopotea au iliyokosewa. Jumla zisipolingana, usiendelee.

Na hata zikilingana, chagua wanafunzi watano: wa kwanza, wa mwisho na watatu wa katikati, mmoja wao akiwa na jina linalojirudia. Fuata nambari zao kwa kidole hadi kwenye karatasi ya mwalimu na daftari la mhasibu. Kazi hiyo huchukua dakika kumi. Mzazi aliyefunga safari kutoka Likuyani au Khwisero kuja kuuliza kwa nini mwanawe anadaiwa karo aliyokwisha kulipa hutumia siku nzima, pamoja na nauli.